Soya Mbichi na Bustani ya Kivukoni

Bustani ya Mimea ya Kivukoni, Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa mwaka 1893, zama za Wajerumani, chini ya Stuhlmann, mkuu wa kilimo wa wakati ule, na madhumuni yake hayakuwa kivuli wala mapambo, bali kujaribu mimea ambayo mazao yake yangepakiwa merikebuni kwenda Ulaya. Na soya nayo, iliyopandwa kwanza Amani, Usambara, mwaka 1907, iliingia nchini kwa mlango huo huo. Si ajabu basi kwamba hata leo aghalabu twaijua kama mali ya gunia: mashudu ya kuku, mafuta, unga wa lishe, na, tangu soko la Uchina lilipofunguliwa mwaka 2020, shehena ya bandarini. Mimi naona wakati umewadia wa kuijua kama mboga ya uani.

Wajapani, ambao huiita edamame, huichuma ingali kijani, wakaichemsha na maganda yake katika maji ya chumvi kwa dakika tano hivi, kisha wakaziminya punje moja kwa moja kinywani. Aliyelelewa kwa mbaazi mbichi za nazi na njugu mawe za kuchemsha hahitaji kufundishwa utamu wa namna hiyo. Ila asiitafune bila kuipika, maana soya isiyopata moto hulizuia tumbo kuifaidi protini yake.

Wala haihitaji shamba. Kiroba kilichotobolewa chini, kikajazwa udongo na samadi iliyooza, chatosha kwa miche michache maadamu jua lakifikia. Taabu iko katika mbegu. Soya huzipima saa za usiku, na mbegu iliyozoea siku ndefu za kaskazini, ikifika huku ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, hutoa maua ingali fupi, ikazaa haba. Watafiti wetu wa Uyole wamezalisha mbegu za jua la kwetu, lakini baridi ya Mbeya si fukuto la Dar es Salaam. Na punje za gunia zinazouzwa Kariakoo kwa ajili ya uji, zikishakaa miezi katika joto na unyevu wa pwani, nyingi hazioti tena. Kadhalika, udongo ambao haujapata kuotesha soya aghalabu hauna vijidudu vinavyoishi mizizini mwake na kuulisha mmea naitrojeni ya hewani, hivyo mbegu hupakwa vijidudu hivyo kabla ya kupandwa. Ng'oa mche wenye afya, upasue kinundu cha mzizi kwa ukucha: ukikuta wekundu kama wa damu ndani yake, kazi inakwenda.

Mambo haya mwenye viroba viwili hawezi kuyachunguza peke yake, ilhali bustani iliyokwisha kulijaribia soko la ng'ambo mazao ipo katikati ya mji. Nawasihi wenye dhamana nayo watenge tuta moja katika vuli ijayo, wapande aina kadhaa bega kwa bega, watuoneshe ipi yastahimili pwani, na siku zile chache ambapo ganda limejaa wala halijaanza kugeuka njano wawaite wakazi waje kuchuma na kuonja. Nao wauza pembejeo wa Kariakoo wafungashe mbegu itakayofaulu katika vipakiti vidogo, pamoja na vijidudu vyake, kwa bei ya mtu apandaye miche kumi.