Hesabu ya kompyuta ikikwama, mchambuzi humuuliza nani?

Taarifa ikisomwa kwenye mkutano wa kijiji kwamba kata yenu imevuna wastani wa magunia 16 ya mahindi kwa ekari, watu hutazamana. Wenye mashamba wanajua kuwa msimu huu hata magunia manane yalipatikana kwa taabu. Neno linalofuata huwa ni moja: wamepika namba. Pengine ni kweli. Lakini pengine hakuna aliyepika chochote. Kuna kijana mmoja ofisini, kompyuta moja, ripoti inayotakiwa kesho asubuhi, na hitilafu ndogo ambayo hapakuwa na mtu wa pili wa kuiona.

Leo tunamzungumzia kijana huyo. Anapokwama katika kuchambua takwimu, msaada anaupata wapi? Namna ya kuupata imebadilika sana katika miaka michache iliyopita, na mabadiliko hayo yanamgusa mkulima, mfugaji na mama anayempeleka mtoto zahanati, hata kama hawajawahi kuishika kompyuta.

Tuanze na kazi yenyewe. Karani au afisa ugani akishapita nyumba kwa nyumba na dodoso lake, majibu huingizwa kwenye jedwali. Kila kaya ina mstari wake, kila swali lina safu yake inayoshuka chini. Jedwali la wilaya moja linaweza kuwa na maelfu ya mistari, na hakuna anayejumlisha maelfu kwa vidole. Mchambuzi huandika amri: soma jedwali hili, chukua safu ya mavuno, gawanya kwa ekari, toa wastani wa kila kata. Kompyuta hutii. Hutii hata amri yenye kosa, mradi imeandikwa kwa sarufi inayoielewa.

Sasa angalia jinsi magunia 16 yanavyoweza kuzaliwa. Katika madodoso mengi ni desturi kuandika 99 au 999 pale mtu asipojibu. Ni alama tu ya kusema "hatujui". Tuseme kaya tisa zimevuna kwa ekari magunia 6, 8, 5, 10, 7, 4, 9, 6 na 8. Jumla yake ni 63, na wastani ni magunia 7. Kaya ya kumi haikujibu, karani akaandika 99. Mchambuzi akisahau kuiambia kompyuta kwamba 99 si mavuno, jumla inakuwa 162, na wastani wa kaya kumi unaruka hadi 16.2. Kompyuta haitapiga kelele. Na ubaya wa 16 ni kwamba si namba ya ajabu, wapo wakulima wanaotumia mbolea na mbegu bora wanaoifikia. Kama karani angeandika 999, wastani ungekuwa 106, ofisi nzima ingecheka na kosa lingekamatwa siku hiyo hiyo.

Zamani programu za kazi hii zilikuwa za kununua, na nyingine bado ni za kununua kwa bei ambayo ofisi ya halmashauri huiwaza mara mbili: SPSS, Stata, SAS. Mapema miaka ya 1990 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland huko Nyuzilandi, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walianza kutengeneza programu waliyoiita R, herufi inayoanza majina yao wote wawili. Tangu 1995 imekuwa ya bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuibadilisha. Leo R, pamoja na lugha nyingine ya bure iitwayo Python, ndizo zinazofundishwa vyuo vingi duniani.

Kitu cha bure hakina muuzaji wa kumpigia simu. Kwa hiyo watumiaji wakazoea kusaidiana wenyewe kwa wenyewe kupitia intaneti, na hapo ikajengeka adabu ya kuuliza ambayo tunaona inafaa hata nje ya kompyuta. Ukienda kwa fundi ukasema "pikipiki ni mbovu", atakutazama tu. Ukimwambia inawaka vizuri asubuhi lakini inazima ukipanda mlima umebeba mzigo, tayari ameshaanza kutafuta bisibisi. Mchambuzi naye alifundishwa hivyo: usilete jedwali zima la wilaya, leta mistari kumi inayoonyesha tatizo, amri uliyoandika, jibu ulilotarajia na jibu ulilopata. Wengi watakuambia kuwa walipokaa kuandaa mistari hiyo kumi waliliona kosa wenyewe kabla hawajamuuliza mtu.

Haikuwa neema tupu, kwani majibu mengine yalikuja na kejeli. Na karibu yote yalikuwa kwa Kiingereza, hivyo kijana wa Singida au Kwale alilazimika kulitafsiri tatizo lake kwanza ndipo alieleze.

Novemba 2022 ilitoka ChatGPT, programu ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Mwezi uliofuata Stack Overflow, mahali pakubwa pa kuulizia mambo ya programu, walipiga marufuku majibu yaliyoandikwa na mashine hiyo kwa sababu mengi yalionekana sahihi ilhali si sahihi. Marufuku hayo hayakuwazuia watu. Maswali mapya mahali hapo yamepungua sana, kwani wachambuzi wengi sasa huiuliza mashine moja kwa moja. Nasi hatuwezi kuwalaumu. Mashine haina kejeli, inajibu usiku wa manane, na swali la Kiswahili inalielewa. Kwa kijana aliye peke yake kwenye ofisi ya wilaya, hilo ni jambo kubwa.

Tatizo liko kwenye aina ya msaada. Mashine hizi wakati mwingine hutunga amri ambazo hazipo kabisa, lakini hilo ni kosa dogo, maana kompyuta itaikataa amri hiyo na mtu atajua. Kubwa ni hili lifuatalo, na tunaomba ulifuate kwa utulivu.

Tuseme kitongoji kina kaya 40. Karani alikuta 12 zimefungwa, akaacha mistari yao wazi. Mchambuzi akiiagiza R itoe wastani wa mavuno, R itagoma. Badala ya namba itaandika herufi mbili, NA, maana yake "haipo". Ni kama inasema: kuna watu hapa sijui walivuna nini, utaniambiaje nitoe wastani wa wote? Kijana anayeanza kazi huona ameshindwa. Anauliza, na jibu linakuja papo hapo: ongeza maneno machache kwenye amri yako ili programu iruke mistari iliyo wazi. Anaongeza. NA inatoweka, inatokea 7. Amepona, ripoti inaondoka.

Jibu alilopewa ni sahihi kabisa kwa upande wa programu. Lakini nyumba 12 hufungwa kwa nini mwezi wa njaa? Ninyi mnaosoma mnajua. Waliokosa mavuno wamekwenda kutafuta vibarua kwa wenye mashamba makubwa, au wamehamia kwa ndugu. Kama hao 12 walipata magunia mawili mawili kwa ekari na wale 28 waliobaki walipata saba, wastani wa kweli wa kaya zote 40 ni magunia matano na nusu. Ripoti imesema saba kwa sababu imewahesabu waliobaki kwa kuwa walikuwa na kitu cha kubakia nacho. Mwenye kupanga chakula cha msaada akisoma saba, huenda akapeleka lori kata nyingine.

Mwalimu mzoefu au mchambuzi aliyewahi kuishi kijijini angemuuliza kijana swali moja kabla ya kumpa amri yoyote: hizi nyumba zilizo wazi ni za nani? Tuwe wakweli, hata mashine inaweza kuuliza hivyo ikielezwa hali yote. Lakini aliyetaka NA iondoke hakueleza hali yote, na mashine haikuwa na macho ya kuona kufuli mlangoni.

Kuna makosa mengine ambayo hayatoi hata hiyo NA, kwa hiyo mtu hajui kwamba anahitaji msaada. Wakati wa korona, mwaka 2020, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi huko England hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Majibu yao yalikuwa yanapitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Lilipojaa, mistari iliyozidi ikaachwa nje. Wagonjwa wenyewe waliambiwa majibu yao, ila kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ilichelewa. Hiyo ni nchi tajiri yenye wataalamu tele.

Kisa cha pili ndicho tunachokipenda zaidi, maana ndani yake kuna mtu aliyeomba faili. Mwaka 2010 maprofesa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika kwamba nchi ambazo deni lao limevuka asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wao husinyaa, kwa wastani wa kama asilimia 0.1 kwa mwaka. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitumia namba hiyo kutetea kubana matumizi ya serikali. Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi darasani la kurudia hesabu za utafiti wa watu wengine. Akachagua huo, na kila alipohesabu hakupata jibu lao. Akawaandikia kuwaomba jedwali lenyewe, nao wakampa. Humo akakuta amri ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49, ikaziacha nje nchi tano kati ya 20. Pamoja na walimu wake wawili alionyesha pia miaka iliyoachwa na namna ya kupima uzito wa kila nchi isiyokuwa ya kawaida. Mwaka 2013 wakatoa hesabu yao: uchumi wa nchi hizo haukusinyaa, ulikua kwa wastani wa asilimia 2.2. Maprofesa walikubali kosa la jedwali, ingawa walishikilia kwamba deni kubwa bado huambatana na ukuaji mdogo.

Kwetu Tanzania, kuirudia hesabu ya serikali kuliwahi kuwa jambo la kuogofya. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya iwe kosa la jinai kutoa takwimu zinazopinga zile rasmi. Benki ya Dunia na wengine walieleza wasiwasi wao, na mwaka 2019 Bunge likaondoa hatia hiyo. Kwa maoni yetu hofu huondoka polepole kuliko kifungu cha sheria, na bado wapo maofisa wanaoona kuombwa jedwali ni kutukanwa.

Hata hivyo jedwali halitolewi ovyo. Anayeomba msaada, iwe kwa mtu au kwa mashine, hushawishika kunakili jedwali zima na kulituma. Fikiria ni jedwali lililotokana na rejista ya MTUHA ya zahanati yenu, lenye jina, kijiji, namba ya simu na majibu ya vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakataza taarifa kama hizo kupelekwa kiholela, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Fundi mwenye adabu hutengeneza mistari kumi ya kubuni, Kaya A, Kaya B, yenye tatizo lile lile, na kuituma hiyo.

Watu wa kusaidia wapo pia hapa karibu, na tunadhani hawatumiki vya kutosha. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichopo Changanyikeni, Dar es Salaam, kimekuwa kikifundisha wanatakwimu wa nchi zetu kwa miongo mingi. Vyuo vikuu vina walimu wa fani hii, na katika sekta ya afya wapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaofanya kazi na mfumo wa DHIS2, ule unaopokea taarifa za MTUHA kutoka wilayani. Halmashauri ikitenga siku moja kwa mwezi ya wachambuzi wawili kukaguliana kazi, gharama yake ni chai na nauli.

Na wewe msikilizaji uliye kijijini unacho ambacho kijana wa ofisini hana: unajua nyumba gani ilifungwa na kwa nini. Wakija kusoma matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ulizeni kaya ngapi zilitembelewa, ngapi hazikukutwa, na hizo zisizokutwa ziliwekwa wapi kwenye hesabu. Ulizeni asiyejibu aliandikiwa nini. Mkijibiwa kwamba kompyuta ndiyo ilivyotoa, ombeni namba za kitongoji kimoja tu, bila majina, mzihesabu pamoja na afisa kwa kalamu na daftari. Kaya 40 hazichukui hata nusu saa.