Waliomgunia Crowe Walisikia Sawasawa

Mhakiki anayedai kwamba waliolalamikia sauti ya Russell Crowe katika filamu ya Les Misérables (2012) hawaijui sinema ameikwepa hoja. Mwongozaji Tom Hooper ndiye aliyetaka waigizaji waimbe papo hapo mbele ya kamera, piano ikiwafikia kwa kifaa cha sikioni. Uamuzi huo ulimbeba mwigizaji mwenzake Crowe, Anne Hathaway: kamera imemganda usoni, pumzi zinamkatika, kilio kinaingia ndani ya wimbo, na Oscar akaibeba. Kamera hiyohiyo haikumsitiri Crowe. Javert, mhusika aliyemwigiza, ni inspekta asiyetetereka. Lakini sauti ya Crowe ikawa inatafuta pa kushika. (Jukwaani, angalau, mtazamaji angekaa mbali.) Waliomlilia Hathaway ndio haohao waliomgunia Crowe. Mbona machozi yao hayakuitwa ujinga?