Kingo za mito: alama kwanza, tingatinga baadaye

Anayenunua maharage, mahindi au mchele Mbale hawezi kuukwepa mto. Nabuyonga unapita mjini, na Namatala uko pale pale yalipo maghala na mashine za kukoboa. Usiku wa Julai 30 kuamkia Julai 31, 2022, mito hiyo ilivunja kingo zake. Zaidi ya watu 20 walikufa, nyumba na maduka yalijaa tope, na maji ya bomba yakakatika mjini. Magunia yaliyolowa usiku ule hayakuwa na bima.

Maji yale hayakuzaliwa mjini. Yalishuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon, ambako jembe limepanda hadi kwenye kuta za milima, yakakuta mto uliobanwa na majengo na kujazwa taka. Ndiyo maana gazeti hili linaunga mkono sheria ya kulinda kingo. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 100 kila upande ziachwe wazi kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine. Kwa maziwa makubwa ni mita 200. Hakuna sababu ya kuzilegeza.

Tatizo letu liko kwingine. Mfanyabiashara kutoka Bungoma au Busia anakodi stoo, analipa ushuru, anapewa risiti yenye mhuri, na leseni yake inabandikwa ukutani. Hakuna jiwe wala kibao cha kumwonyesha mita 30 zinaishia wapi. Kisha siku moja anafika mgambo, nyuma yake tingatinga, na anaambiwa amevamia mto. Aliyejenga ameshakula kodi. Aliyetoa risiti yuko ofisini kwake. Anayebaki barabarani na magunia ni mpangaji, na akiwa mgeni hana hata diwani wa kumlilia.

Mji haukusanyi ushuru mahali ambapo unajua hapafai kujengwa. Mbale na Jinja zilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na hadhi hiyo ina kazi zake. Baraza liweke mawe ya mipaka kando ya mito, lifute leseni zilizo ndani ya mipaka hiyo kwa barua na kwa muda unaotosha kuhamisha shehena, na lionyeshe eneo jingine la kuuzia kabla ya kubomoa. Tangazo litoke kwa Luganda, Lumasaba, Lusoga na Kiswahili pia, maana nusu ya mzigo unaopakiwa pale unaelekea kwa watu wasiosoma matangazo ya Kiingereza.

Jinja nako kuna somo lake. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea cha magugu na udongo kiliziba mitambo ya umeme katika bwawa la Nalubaale, nchi nzima ikaingia gizani. Mwezi uliofuata kipimo cha Ziwa Victoria pale Jinja kilifika mita 13.42, na waliojenga karibu na maji kwenye mialo wakahama bila kusubiri amri ya mtu. Wauza mukene, ambao Kisumu wanaitwa omena na Mwanza dagaa, wanakumbuka pia kwamba mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia uvuvi ziwani. Samaki wachanga wanahitaji kulindwa, hilo hatubishani nalo. Lakini mnunuzi aliyekutwa na mzigo njiani anastahili kuambiwa kosa lake kwa maandishi.

Na sisi wenyewe tusijifanye malaika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, lakini kaveera bado inafungia nyanya Mbale kama kawaida, na jioni inatupwa mtoni. Mfanyabiashara yule yule anayeificha akikaribia Malaba, akirudi Mbale huiomba mwenyewe dukani.

Mvua za Elgon haziko mbali. Anayekodi stoo Namatala msimu huu amwombe mwenye nyumba hati ya kiwanja, apige hatua mwenyewe kutoka ukingoni, ndipo alipe kodi ya miezi sita.