Bastola Mpya, Ganda Limekwama: Weka Bisibisi Chini!

Leo msomaji wangu tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mambo ya mama mkwe. Leo nazungumza na wenzetu wenye leseni ya bastola, na hasa wake zao, maana nyumbani ndiko mambo yanakoharibikia.

Shemeji yangu ana biashara ya mbao kule Mafinga. Anashika fedha taslimu, anarudi usiku, akaona aombe leseni. Taratibu za polisi akazifuata zote, akapata, akanunua bastola mpya ya milimita 9, zile za kujipakia zenyewe. Ilikuwa bado inanukia mafuta ya kiwandani. Jumamosi akaenda kwenye shabaha na wenzake. Risasi ya kwanza, paa! Ya pili, paa! Ya tatu, paa, halafu basi. Akivuta triga, hakuna kitu. Ganda tupu limeng'ang'ania ndani.

Wenzake wakacheka. Shemeji akaona aibu, akaifutika bastola vile vile ilivyo, akaondoka. Saa mbili usiku simu yangu ikalia.

"Shem, nimeuziwa kimeo!"

"Uko wapi?"

"Nyumbani, hapa mezani. Nalichokonoa kwa bisibisi."

"Magazini umetoa?"

Kimya.

"Na watoto wako wapi?"

"Si hawa hapa, wananimulikia tochi."

Jamani! Nywele zilinisimama. Nikamwambia weka bisibisi chini, watoto waingie kwa mama yao, na wewe toka uani kwenye lile rundo la mchanga wa kujengea. Mtutu uelekee mchangani, kidole kikae mbali na triga. Vuta slaidi nyuma uifunge huko huko nyuma, kisha chomoa magazini. Ikigoma, ivute kwa nguvu, kwa sababu risasi ya juu yake imebanwa. Halafu vuta slaidi mara tatu. Mwisho tazama kwenye chemba, na upitishe kidole kama vile huamini macho yako.

Kwanza ilidondoka risasi nzima, haijapigwa. Ganda tupu likafuata. Mnaelewa maana yake? Nyuma ya lile ganda kulikuwa na risasi hai imelisukuma, na bisibisi ya shemeji ilikuwa inachezea karibu na fataki yake, pale pale pini inapogonga. Watoto wawili wanamulika tochi.

Jumatatu akaja Mbeya na bastola yake, tukaenda kwa mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye ana kibali cha ufundi wa silaha. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, imekufanya nini?" Aliikagua kwanza kama iko tupu, ingawa tulishamwambia iko tupu. Halafu ndipo akatupa somo, nami nawapa ninyi.

Alisema kazi ya kuondoa ganda ina hatua mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kulivuta litoke kwenye chemba. Hiyo hufanywa na kijino cha chuma kilichopo kwenye slaidi, mfano wa ukucha, kinachoingia kwenye mfereji wa kitako cha ganda. Ya pili ni kulirusha nje. Ganda likirudi nyuma hugonga kipande kingine cha chuma, likapinduka na kutokea dirishani. Kwa hiyo kabla hujatukana kiwanda, tazama ganda limekwama wapi.

Likibaki ndani ya chemba na risasi nyingine ikaja kulisukuma kwa nyuma, shuku chemba au ukucha. Likisimama wima limebanwa dirishani kama bomba la moshi, ujue ukucha umefanya kazi yake. Hapo shuku mkono wako umelegea, au risasi ni dhaifu, au slaidi imekauka mafuta.

Akamwambia shemeji alete yale maganda. Bahati nzuri alikuwa nayo mfukoni. Mzee akavaa miwani. Ukingo wa ganda ukiwa umelika, ukucha ulishika ila ganda liligoma, basi chemba ni chafu au ina mikwaruzo. Ukingo ukiwa mzima kabisa hauna alama, ukucha haukushika vizuri: kuna uchafu chini yake, au springi yake imechoka, au umevunjika ncha.

La shemeji halikuwa na alama. Mzee akachukua kijiti na tochi, akachokoa chini ya ukucha. Mnadhani alitoa nini? Grisi! Ile grisi nzito ya kuzuia kutu ambayo viwanda hupaka bastola isafiri salama. Shemeji hakuisafisha hata siku moja. Tena alikuwa akiiweka kwenye droo ya ofisi pale kiwandani, vumbi la mbao likaja likachanganyika na grisi ikawa ugali. Ukucha unashindwa kubana. Na baridi ya Mafinga asubuhi mnaijua, grisi inaganda kama samli.

Dawa yake ikawa kuifungua kama kitabu cha maelekezo kinavyosema, kufuta grisi yote, kupiga brashi kwenye chemba, kukausha, halafu mafuta mepesi matone machache kwenye njia za slaidi. Chemba ibaki kavu. Wenzangu wa Tukuyu, kwa mvua zenu zile, nanyi wa Chunya kwa vumbi, someni hapo mara mbili.

Mzee akaongeza: ikiendelea kukwama hata baada ya usafi, badilisha kitu kimoja kimoja. Leo jaribu risasi za kampuni nyingine, siku nyingine magazini nyingine, siku nyingine apige mtu mwingine mwenye leseni, pale pale kwenye shabaha. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua mchawi ni nani. Na ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, acha hapo hapo, maana huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine unaupasua. Ukivuta triga na risasi isilie, elekeza mtutu pale pale salama, hesabu mpaka thelathini ndipo ufungue.

Hapo mzee akatukumbusha Lugalo, pale Wahehe walipolivamia jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Askari wa Kijerumani wa enzi zile walibeba Mauser za mwaka 1871, risasi moja kwa mara moja. Ganda unalivuta kwa mkono, halafu unainamisha bunduki lidondoke, maana haikuwa na kitu cha kulirusha. Wahehe wakatokea kichakani na mikuki, mbio. Zelewski hakurudi. "Toka enzi hizo," mzee akasema, "anayetegemea chuma bila kukijua, kinamwangusha."

Neno la mwisho ni la sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991, haimpi kila fundi ruhusa ya kushika silaha ya mtu. Yule kijana wa kuchomelea mageti, hata awe hodari vipi, usimwachie bastola yako. Utamponza na wewe utajiponza. Nenda kwa aliyepewa kibali, au rudi dukani ulikonunua.

Shemeji juzi amepiga risasi hamsini, hakuna iliyokwama. Wale wenzake hawakucheka tena. Lakini dada yangu ameniambia jambo moja: bisibisi ya nyumbani ameificha, na droo ya ofisi imehamishiwa kwenye sanduku la chuma lenye ufunguo.

Ganda kukwama si aibu, jamani. Aibu ni kumfanya mtoto akushikie tochi.

Tukijaliwa, wiki ijayo tena.