Kioo cha Darubini na Dai la Uhaba wa Istilahi

Katika makongamano yetu ya Kiswahili hakukosekani msemaji wa kudai kwamba lugha hii haiwezi kubeba sayansi mpaka istilahi zake zitimie. Mimi siliafiki dai hilo. Hebu tulipime kwa kazi moja mahususi: kutengeneza, kwa mikono na nyumbani, kioo cha darubini ya kuakisi.

Fundi huchukua vioo viwili vinene vya mviringo, tuseme vyenye kipenyo cha milimita 150. Kimoja hulazwa mezani na kunyunyiziwa maji na unga wa kukwaruzia. Cha pili husuguliwa juu yake, mbele na nyuma, huku fundi akikigeuza na kuizunguka meza. Cha juu hubonyea, cha chini hubinuka. Ikiwa fokasi itakuwa umbali wa milimita 1,200, kina cha mbonyeo huo katikati ni kama milimita 1.2 tu. Baadaye hutumiwa unga laini zaidi, kisha kioo hung'arishwa juu ya tabaka la lami.

Ugumu hasa umo katika kupima. Umbo linalotakiwa si la tufe bali la parabola, na tofauti ya maumbo hayo katika kioo hiki haifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Rula gani itaiona? Mfaransa Léon Foucault alilijibu swali hilo mwaka 1858. Taa huwekwa nyuma ya tundu dogo mno, milimita 2,400 mbele ya kioo, yaani fokasi mara mbili. Mwanga unaporudi na kukusanyika, mpimaji huukata kwa wembe, jicho likiwa nyuma ya wembe huo. Kioo cha tufe kamili hufifia chote kwa pamoja. Chenye kasoro huonyesha vivuli mithili ya vilima na mabonde. Katika parabola yetu, mwanga wa ukingoni hukusanyika kama milimita 2.3 mbali zaidi na kioo kuliko ule wa katikati, iwapo taa haisogezwi. Kisichoonekana kimegeuzwa kikapimika kwa rula ya mwanafunzi!

Ni istilahi zipi zilizotukwamisha hapo? Fokasi na parabola zimetoholewa, wala si aibu. Tufe, mbonyeo, wembe na lami tunavyo. Kinachokosekana ni waandishi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya, lakini katiba haiandiki vitabu vya ufundi. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tumezama katika tasnifu za riwaya na ushairi (yangu ikiwamo, na siijutii).

Napendekeza kila toleo la jarida hili liwe na makala moja ya ufundi, iandikwe na mwanachama wetu akishirikiana na mwanafunzi wa fizikia au uhandisi. Kabla ya kuchapishwa, apewe fundi aifuate neno kwa neno. Atakapokwama, hapo ndipo tuketi tutafute istilahi. Wahariri wanaweza kuanza na toleo lijalo.