Mtoto wa Kulea Asinyimwe Jina la Babake

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi naongeza: kazi kubwa zaidi ni kumlea mwana wa mwenzio usimwibie jina lake.

Nilikuwa Korbesa, upande wa Merti katika Isiolo, nchi ya Waborana, Waislamu wenzetu ambao mali yao ni mifugo. Mzee aliyenikaribisha alikuwa na kijana wa miaka kumi hivi, ndiye aliyetuletea chai ya maziwa. Nikauliza, "Mzee, huyu ni mjukuu?" Akajibu, "Huyu ni mwanangu." Kisha akamwamuru kijana amtajie mgeni jina lake kamili. Kijana akataja lake, la babake na la babu yake. Hata moja halikuwa la mzee yule. Kumbe babake alikwisha kufa, na mzee ndiye aliyemchukua. "Mapenzi ni yangu," akaniambia, "nasaba ni yake."

Waborana wana desturi ya kale waiitayo guddifachaa, ambayo kwayo mtoto wa kupewa huwa sawasawa na wa kuzaliwa, hata katika urithi. Mzee yule ameushika moyo wa desturi hiyo, na ameishika pia amri ya dini. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab yatuamrisha tuwaite watoto wa kulea kwa majina ya baba zao. Ndivyo Zaid bin Haritha alivyorudishiwa jina lake, baada ya kuitwa Zaid bin Muhammad.

Maneno ya mzee yalinichoma, kwani mimi niliyekulia chuoni sikufanya hivyo. Tulimchukua binti mchanga, yatima wa baharia, nikamwandikisha kwa jina langu. Hatukumwambia kitu kwa miaka 20. Posa ilipokuja na siku ya nikaha kuwekwa, nikajua kwamba siwezi kuwa walii wake. Ilinibidi nimweleze, kisha nikamtafute ami yake aje amwozeshe. Binti hakulia. Alisema, "Baba, kunilea nakushukuru. Lakini babangu nimekosa kumwombea dua miaka 20." Sikuwa na la kujibu.

Wapo wasemao kwamba dini yetu haitaki watoto wa kulea. La, hasha! Isichotaka ni uwongo wa nasaba. Kafala ndiyo njia yetu: mtoto umlishe, umvishe, umsomeshe, hata umuusie sehemu ya mali yako isiyozidi thuluthi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua.

Wako watoto waliopelekwa mbali zaidi na nasaba zao. Kwa miaka mingi wageni walikuja kuchukua watoto katika nyumba za mayatima za huku kwetu, wakaenda nao Ulaya na Marekani. Serikali ya Kenya ilisimamisha jambo hilo Novemba 2014, na Ethiopia, kwenye ndugu wa Waborana hawa, ikalipiga marufuku mwaka 2018. Wengi wa watoto hao walipata mapenzi na elimu, silikatai hilo. Lakini wako waliokua wakarudi Ethiopia kuwatafuta mama zao waliowazaa. Shibe haikuwaondolea swali hilo.

Basi, waungwana, tusiwaachie wengine mayatima wetu ilhali nyumba zetu zina nafasi. Na ukimchukua mtoto, mwambie angali mdogo babake ni nani na watu wake wako wapi. Usingoje siku ya nikaha kama nilivyongoja mimi. Binti yangu bado huniita baba, alhamdulillahi. Na kila Ijumaa sasa humwombea baba wawili, mmoja marehemu na mmoja hai.