Tangi Tupu Lina Wenyewe

Siku ya tatu maji yaliingia ukungu mweupe, mfano wa maji yaliyooshewa mchele, na wale samaki watano wa dhahabu niliowanunua pamoja na tangi lenyewe adhuhuri ya Jumamosi wakawa wamepanda juu, midomo ikifumba na kufumbua pale maji yanapokutana na hewa, kama watu waliofungiwa ghalani wanaotafuta upenyo wa dirisha. Mimi, kwa ujinga ambao naona haya kuusimulia lakini nausimulia kwa kuwa nina yakini si wangu peke yangu, nilihukumu kwamba dawa ya uchafu ni usafi. Nikawahamishia samaki ndooni, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, nikaosha kokoto na sponji ya chujio chini ya bomba mpaka isibaki hata chembe ya utelezi, kisha nikajaza maji mapya, nikawarudisha humo, nikaketi kitini na kujipongeza. Kufikia Ijumaa alikuwa amesalia mmoja, naye amelala ubavu. Mjukuu wangu wa miaka saba alimtazama kwa muda, akaniuliza, "Babu, samaki anakufaje na maji anayo?"

Sikuwa na jibu, basi nikalifuata dukani. Muuzaji, mtu mpole mwenye ulimi wa asali, alinipa pole, akanieleza kwamba samaki ni viumbe dhaifu na kila kiumbe ana ajali yake, akaniuzia chupa ya dawa ya buluu na samaki wengine watano. Na hao nao hawakuiona Ijumaa ya pili. Duka hilo silitaji, wala halistahili kubeba taksiri peke yake, maana tangu siku ile nimezungukia maduka kadha wa kadha ya namna hiyo mjini Dar es Salaam nikijifanya mgeni wa jambo, na kila nilipoingia nilimkuta mwenye duka yu tayari kunipa tangi kwa mkono mmoja na mfuko wa samaki kwa mkono wa pili. Desturi hiyo ndiyo ninayoishitaki hapa. Rai yangu ni nyepesi kuitamka na nzito kuitenda: tangi na samaki visiuzwe siku moja.

Jibu la swali la mjukuu wangu nililipata baadaye, katika vitabu na kwa wafugaji wa siku nyingi. Samaki, kama kiumbe yeyote alaye, hutoa taka, na sehemu kubwa ya taka yake hutoka kwa njia ya mashavu ikiwa amonia, mvuke ule ule mkali unaochoma pua katika choo kilichokaa bila kuoshwa. Mtoni na ziwani sumu hii huenea ikapotea. Katika lita 60 za tangi langu, zilizozungukwa na vioo vinne, haina pa kwenda, bali humrudia mwenyewe, ikamchoma mashavu yale yale anayovutia pumzi, na kadiri maji yalivyo na joto, kama yalivyo ya kwetu pwani, ndivyo ukali wake unavyozidi. Wa kumwokoa ni bakteria wasioonekana kwa jicho, ambao Sergei Winogradsky, mtaalamu wa Kirusi, alithibitisha huko Zürich karibu na mwaka 1890 kuwa amonia na mabaki yake ndiyo riziki yao, kama ugali ulivyo riziki yetu. Kundi la kwanza hula amonia na kuacha nitriti. Nayo nitriti ni sumu ya pili, yenye hila kuliko ya kwanza, kwani huingia katika damu ya samaki ikaigeuza rangi ya kahawia na kuizuia isibebe hewa, hata maskini akafa kwa kukosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Kundi la pili hula nitriti na kuacha nitrati, ambayo haina ukali huo, na ambayo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki au huliwa na mimea iliyopandwa humo tangini.

Makundi haya hayaelei ovyo. Hufanya maskani katika kokoto, na zaidi ya kokoto katika sponji ya chujio, kwa utando mwembamba wenye utelezi, yaani ule ule nilioung'oa chini ya bomba kwa bidii ya mtu anayetafuta thawabu. Wala hawana haraka: hali wako bakteria wanaoweza kuongezeka maradufu kwa dakika 20, hawa huhitaji nusu ya siku na zaidi, ndiyo sababu tangi jipya aghalabu huchukua wiki nne mpaka nane kuimarika. Ukungu mweupe ulionitia hofu ulikuwa wa bakteria wa jamaa nyingine kabisa, walao makombo, nao wangaliondoka wenyewe laiti ningalitulia. Moshi wa jikoni niliufukuza pamoja na wapishi.

Mara ya pili nilianza bila samaki. Maji niliyalaza ndooni siku nzima ili klorini ipeperuke, kwa kuwa dawa hiyo haibagui bakteria mwema na mbaya, nikayatia tangini, nikaliacha chujio likifanya kazi usiku na mchana. Kilichobaki ni kuwatafutia bakteria chakula. Na kwa vile amonia niliyoiona madukani ilikuwa imetiwa sabuni na manukato, nilikwenda soko la samaki la Feri kununua kamba mmoja mbichi. "Mmoja, mzee?" akauliza kijana wa mezani, akanitazama kwa huruma, akanipa bure. Nikamfunga kamba wangu katika kipande cha chandarua nikamtumbukiza aoze, maana kinachooza hutoa amonia ile ile aitoayo samaki aliye hai, na tofauti ni kwamba kamba aliyekwisha kufa hana cha kupoteza. Siku ya nne sebule ilinuka. "Bwana," akasema mke wangu kutoka mlangoni, "umeacha kufuga samaki, sasa wafuga harufu?"

Nilikuwa nimeagiza vipimo vya matone, na kila alfajiri kabla ya shule mjukuu wangu aliteka maji katika vichupa viwili, akahesabu matone kwa sauti, akatikisa. Cha amonia hubaki cha manjano maji yakiwa salama, na hugeuka kijani yakiwa na sumu. Cha nitriti huanza samawati kikaishia zambarau. Wiki ya kwanza kijani kilikolea tu. Wiki ya tatu kilianza kufifia, nasi tukashangilia, na asubuhi ile ile kichupa cha pili kikatoka zambarau kama juisi ya zabibu. Kikakaa hivyo siku kumi na tatu bila kubanduka. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo umeme ukikatika kwa saa nyingi mtu hurudishwa nyuma, kwa sababu chujio likisimama bakteria waliomo hukosa hewa wakafa. Iko njia ya mkato iliyo halali, nayo ni kuomba kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lenye afya; chupa za bakteria zinazouzwa dukani nina shaka nazo, hasa zile zilizokaa dirishani zikipigwa jua.

Najua nitakavyojibiwa. Muuzaji atasema kuwa naye ana watoto wa kulisha, na kuwa mteja akiambiwa arudi baada ya wiki sita atavuka barabara aingie duka la pili, ambako hataulizwa neno. Hoja hiyo ina uzito. Walakini mteja aliyezika samaki kumi harudi kwenye duka la kwanza wala la pili, na matangi mangapi mitaani mwetu leo yametiwa viatu, madaftari, hata vifaranga? Muuzaji na apokee fedha ya samaki siku ile ile ya tangi, kama amana, ampe mnunuzi risiti, na samaki wachukuliwe siku mnunuzi atakapoleta maji yake katika chupa yakapimwa mbele ya wote wawili. Amuuzie pia kipande cha sponji kuukuu kutoka matangi yake mwenyewe, bidhaa ambayo haimgharimu kitu na ambayo mpaka sasa huitupa. Tena amwambie ukweli kwamba samaki wa dhahabu hukua akapita shibiri, hata lita 60 zikawa kwake kama kikombe. Hilo mimi sikuambiwa.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Huko London, mnamo mwaka 1850, mkemia Robert Warington aliwaeleza wenzake jinsi samaki wawili wa dhahabu, konokono na majani ya majini walivyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja, kila mmoja akimfaa mwenziwe, na leo wafugaji wengi wa Ulaya wameifanya subira ya kungoja tangi liimarike kuwa sehemu ya starehe yao. Na samaki wanaowangojea kwa wiki sita ni wa kwetu: mbuna wa Ziwa Nyasa, jamaa za perege wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya aina 200, ambao karibu wote hawapatikani pengine duniani, na miongoni mwao yumo mmoja asiyezidi urefu wa kidole anayefanya nyumba ndani ya gamba tupu la konokono, na yule wa Unguja, Nothobranchius guentheri, anayeishi katika vidimbwi vya mvua, ambaye kidimbwi kikikauka yeye hufa lakini mayai yake hukaa ndani ya tope kavu mpaka mvua nyingine. Mjerumani humngojea samaki wa Kigoma kwa mwezi na nusu, na sisi wa Dar es Salaam hatuwezi kumngojea samaki wa dhahabu, aliyeanza kufugwa Uchina, hata kwa siku sita.

Leo ni siku ya 41. Kamba tulikwisha kumtoa, na nusu ya maji tumeyabadilisha. Juzi jioni tulitia chakula kidogo cha samaki ili kuwajaribu bakteria, na alfajiri hii kichupa cha kwanza kilikuwa manjano na cha pili samawati safi kama mbingu ya Kusi. Wageni wanaofika sebuleni huliona tangi lenye kokoto na majani matatu, hutafuta, huinama, huuliza samaki wako wapi, na mjukuu wangu huwajibu kwamba wenyewe wamo ila hawaonekani. Jumamosi tutakwenda dukani. Yeye alitaka samaki wadogo waitwao gapi, kumi na wawili, mimi nikataka wawili; tumekubaliana watatu, na vipimo atavichukua yeye mfukoni.